UFUNGUO NA NJIA YAKE
Maneno waliyoambiwa walimu na wazee na wapenda kufuli wa Mbeya na Iringa



Twawashukuru sana. Twajua ya kuwa wakati huu wa palizi kila mtu ana jembe lake linalomngoja, na aachaye palizi ili asikilize habari za kufuli ametupa heshima kubwa. Basi hatutawachosha kwa maneno mengi. Tutasema yale tuyajuayo kwa mikono yetu.

Sisi ni watu wachache, wengine twakaa Mbeya na wengine Iringa, tupendao kufuli. Wako watu wakusanyao stempu za barua, wako wakusanyao fedha za zamani; sisi twakusanya kufuli kuukuu. Tupitapo sokoni Mwanjelwa au Mlandege, jicho letu haliendi kwenye nguo wala viatu, bali kwenye mafungu ya vyuma chakavu. Watu hutucheka, wakasema, "Mtu hufunga mali kwa kufuli, wala hafanyi kufuli kuwa mali." Nasi twacheka pamoja nao. Lakini hao hao, siku ufunguo upoteapo, ndio watuulizao njia ya kwetu.

SANDUKU LA MAMA MZEE

Katika kijiji kimoja karibu na Tukuyu alifariki mama mzee, akaacha watoto wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Akaacha pia sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli ya shaba ya zamani, yenye jina la Union. Ufunguo wake ulikuwapo, lakini umevunjika vipande viwili, navyo vilifungwa katika pindo la khanga yake. Watoto walijua ya kuwa karatasi za shamba zimo ndani.

Mwana mkubwa akachukua vipande vile mjini kwa fundi. Fundi akatafuta katika kopo lake ufunguo usiokatwa meno, akapata mmoja uliofanana na ule wa zamani. Haukuingia katika kufuli. Akaupunguza ubavu mmoja kwa tupa mpaka ukaingia, akachonga meno yake, akapokea fedha yake. Nyumbani ufunguo ule uliingia vema, lakini haukuzunguka. Mwana mkubwa akatia nguvu. Ukavunjika, na nusu yake ikabaki ndani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mmoja alisema, "Leteni nyundo." Wa pili alisema, "Nani ashike nyundo? Akivunja yeye, tutajuaje kilichokuwamo na kilichotolewa?" Dada yao hakusema neno, aliketi juu ya sanduku. Aliketi hapo, tuliambiwa, tangu alasiri mpaka taa zikawashwa. Asubuhi yake wakatuletea habari.

Tutarudi kwa sanduku lile. Kwanza yatupasa kueleza kwa nini ufunguo ule ulivunjika, maana kosa la fundi yule ni kosa la watu wengi.

KAZI YA MENO NA KAZI YA MIFUO

Watu wengi hudhani ya kuwa siri yote ya ufunguo imo katika meno yake. Sivyo. Ufunguo una siri mbili.

Ukiitazama kufuli ya kawaida ya siku hizi, utaona chini yake duara dogo la shaba lenye upenyo. Duara hilo ndilo lizungukalo. Ndani yake mna safu ya matundu madogo, manne au matano au sita, na katika kila tundu mna vijiti viwili vya shaba, kimoja juu ya chenzake, vikisukumwa na kamani ndogo. Kufuli ikiwa imefungwa, vijiti vya juu huingia nusu katika duara na kulizuia lisizunguke. Uingizapo ufunguo wa haki, kila jino huinua vijiti vyake kwa kadiri yake, mpaka mahali vijiti viwili vikutanapo pakawa sawasawa na ukingo wa duara. Hapo duara huzunguka, na pete ya kufuli hufunguka. Jino likizidi kidogo tu au likipungua, halizunguki.

Elimu hii si ya jana. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mti yenye vijiti viangukavyo tunduni kwa uzito wake, na ufunguo wa mti wa kuviinua. Aliyeifanya kuwa ya shaba na ndogo kama tuijuavyo ni Mmarekani, Linus Yale mdogo, aliyepata hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na mwaka 1865. Ufunguo bapa ulio mfukoni mwako umetokana na kazi ya mtu huyo.

Sasa tazama tena ule upenyo. Haukunyoka kama ufa wa ubao. Una vifundo na mapindo, huku umetokeza, huku umeingia. Huo twauita njia ya ufunguo. Na ubavuni mwa ufunguo mna mifuo mirefu, itokayo begani mpaka nchani, ilinganayo na vifundo hivyo. Meno ni neno la siri. Mifuo ni ruhusa ya bawabu. Mtu aweza kulijua neno la siri, lakini asipopitishwa na bawabu hatafika mahali pa kulisema.

Ufunguo ambao una mifuo yake tayari lakini haujakatwa meno, twauita ufunguo mtupu. Kazi yetu tuipendayo kupita zote ni kutwaa kufuli tusiyoijua na kuitafutia ufunguo mtupu wake wa haki.

JINSI YA KULINGANISHA

Kwanza, jua ni kufuli ya namna gani. Kama ufunguo wake ni bapa wenye meno ukingoni, ni kufuli ya vijiti tuliyoieleza. Lakini kufuli nyingi za babu zetu si za vijiti; ndani yake mna vibao vya chuma, na ufunguo wake una shina la mviringo lenye kama bendera mwisho wake. Huo hautazamwi mifuo. Hupimwa unene wa shina, tena kama shina ni bomba lenye tundu au ni gumu, kisha kimo na upana wa bendera. Usichanganye mambo haya mawili.

Pili, chora uso wa njia. Safisha upenyo kwa brashi ya mswaki, elekeza kufuli penye jua, uichore njia yake kwenye karatasi, kubwa mara kumi. Hesabu vifundo vya kushoto na vya kulia. Tazama kama kila kifundo ni cha mraba, au cha pembe, au cha mviringo, na kama kimo juu au katikati au chini. Walimu watatusaidia hapa, maana kazi hii ni hesabu na uchoraji pamoja. Tumeona wanafunzi wa darasa la 6 wakiifanya vizuri kuliko sisi wenye macho ya miwani.

Tatu, pima. Kwa kipimo cha vernia pima unene wa ufunguo, ambao mara nyingi hukaribia milimita 2, na kimo cha ubapa wake. Kisha pima urefu, si wa ufunguo wote, bali tokea bega mpaka ncha. Bega ndilo lizuialo ufunguo usiingie kupita kiasi. Zipo funguo zisizo na bega, ambazo huzuiwa na ncha yake ndani kabisa. Fundi asiyelijua jambo hili atakata meno yote mahali pasipo pake.

Nne, usidanganywe na jina. Kufuli mbili za chapa moja, moja ya milimita 30 na nyingine ya milimita 60, mara nyingi hazitumii ufunguo mtupu mmoja. Masokoni mwetu mna kufuli nyingi za Tri-Circle zitokazo Yantai katika Uchina, na mna nyingine zinazoigiza chapa za wenzao. Jina limekuwa moja lakini njia si moja. Kinyume chake, ufunguo mtupu mmoja huwa na majina mengi, kwa kuwa kila kiwanda kitengenezacho funguo tupu huupa namba yake. Ule wa Yale wa zamani watu wa Marekani huuita Y1, na ule wa kufuli za Master za mabamba huuita M1. Kiwanda cha nchi nyingine huuita vingine. Basi amini mchoro wako kabla ya kuamini maandishi.

Tano, na hili ndilo kubwa: ufunguo ulioingia si lazima uwe ufunguo wa haki. Ufunguo mwembamba huingia katika njia nyingi, kama vile mtoto mwembamba apitavyo katika ua wa kila jirani. Lakini ukiingia hucheza, hulala upande, vijiti havikalii juu ya meno bali pembeni mwake. Ufunguo wa namna hiyo hufungua leo ukiutikisatikisa, kesho ukakataa, na kila siku hula shaba ya kufuli. Ufunguo wa haki huingia bila kusukumwa, na ukiwa ndani hautikisiki kushoto wala kulia.

Sita, usipunguze ubavu kwa tupa. Hapa twarudi kwa fundi wetu. Ufunguo bapa una nguvu kidogo tu, na nguvu hiyo imo katika unene wake. Ukiukwangua ubavu, kisha ukakata meno marefu ukingoni, umebakiza utando. Mtu akiuzungusha kwa hasira, huvunjika pale penye jino refu kupita yote, na kipande hubaki ndani.

UFUNGUO ULIOSAFIRI

Sasa tulirudie sanduku. Tulipofika tulisema kwanza ya kuwa hatutaigusa kufuli mpaka mwenyekiti wa kitongoji awepo, na watoto wote wanne. Walipokwisha kuketi, tulikitoa kile kipande kwa kijichuma chembamba chenye kulabu. Tukachora njia. Ilikuwa na vifundo viwili kushoto na kimoja kulia, na hicho cha kulia kilikuwa cha mviringo. Ule wa fundi ulikuwa wa mraba mahali hapo. Tofauti ile hata ukucha haufiki, nayo ndiyo iliyotaka kuwafarakanisha ndugu wanne.

Katika makopo yetu ya Mbeya hatukuupata. Tukapeleka picha ya mchoro kwa wenzetu wa Iringa kwa simu. Huko mzee mmoja, fundi aliyekwisha kustaafu, alikuwa na kopo la maziwa lenye funguo tupu alizozinunua ujanani, na ndani yake mlikuwa na tatu za namna ile. Mmoja ukatiwa katika bahasha, ukapanda basi la asubuhi, ukaja mwendo wa kilometa zaidi ya 300. Nauli yake ilipita bei yake mara nyingi.

Tulilaza vile vipande viwili vya ufunguo wa mama mzee pamoja juu ya kibao, tukavibana, tukavipima jino kwa jino, tukachonga kwa tupa pole pole katika jiriwa. Kabla ya kuutia tuliweka ndani ya kufuli unga mdogo wa risasi ya penseli. Dada yao ndiye aliyepewa kuzungusha. Ukazunguka mara ya kwanza.

Mlikuwa na khanga mbili, picha moja, cheti cha ubatizo, na karatasi ya mauziano ya shamba yenye dole gumba za mashahidi. Na karatasi nyingine, ya mkono wa mama mwenyewe, iliyosema kwamba kipande cha migomba kilicho juu ya kijito ni cha binti yake. Hatutasema ya kuwa kaka zake wote walifurahi. Lakini hakuna aliyesema karatasi ile imetiwa usiku, kwa kuwa wote waliiona kufuli ikiwa nzima na ikifunguka mbele yao. Kufuli nzima ni shahidi. Kufuli iliyovunjwa haishuhudii lolote.

YAWAPASAYO WENYE DHAMANA

Katika ninyi wamo watunzao ghala la mahindi au mbolea, stoo ya shule, kabati la dawa, sanduku la chama. Kwenu twasema haya.

Andikeni katika daftari chapa ya kila kufuli, ukubwa wake, idadi ya funguo zilizokuja nayo, na jina la kila mwenye kushika mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ufunguo ni mali ya namna ya peke yake, maana waweza kuibiwa bila kuondoka mfukoni mwako: mashine ya mjini huunakili kwa dakika chache, ukarudishiwa kabla hujamaliza chai. Maneno ya kukataza kunakili yaliyopigwa muhuri juu ya ufunguo hayamzuii asiyetaka kuzuiliwa. Wapo watengenezaji ambao wameziandikisha kisheria njia zao, na funguo tupu zake hawaziuzi ila kwa mwenye kadi ya kufuli ile. Kwa ghala lenye mali ya watu wengi, gharama ile si upotevu.

Kila kufuli mpya ijapo, ondoeni ufunguo mmoja, msiutumie kabisa, uwe ufunguo mama. Nakala zote zitoke kwake. Nakala ya nakala hukusanya makosa: ya kwanza hukosea unywele, ya pili hukosea unywele juu ya unywele, na ya nne haifungui.

Msitie mafuta ya kupikia katika kufuli. Huko Isimani, kwenye vumbi, mafuta hugeuka kuwa matope. Huko Rungwe, kwenye mvua na ukungu, huganda. Unga wa risasi ya penseli kuukuu wafaa, na hauna gharama kwa mwalimu.

NENO JUU YA MCHEZO HUU

Mwisho, tumeulizwa mara nyingi kama si hatari kuwafundisha vijana mambo haya. Swali hili ni la haki, nalo limeulizwa zamani. Tangu mwaka 1790 katika mji wa London kulikuwa na kufuli ya Joseph Bramah iliyowekwa dirishani mwa duka lake, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa atakayeweza kuifungua bila ufunguo. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851 Mmarekani, A. C. Hobbs, akaifungua, kwa kazi ya saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Wengi walikasirika. Lakini mafundi wenye akili walirudi karakanani wakatengeneza kufuli bora. Kuficha udhaifu wa kufuli humfaa mwizi peke yake, maana yeye aujua tayari.

Hata hivyo mchezo usio na adabu si mchezo. Wenzetu wa Ujerumani, walioanzisha chama chao Hamburg mwaka 1997, na wengine waliowafuata katika nchi nyingine, hushika kanuni mbili, nasi twazishika: usiguse kufuli isiyo yako pasipo ruhusa ya mwenyewe, wala usiichezee kufuli inayotumika mlangoni, hata ikiwa ni yako. Sisi tumeongeza ya tatu, tuliyojifunza kwenye sanduku la mama mzee: usiifungue kufuli yenye ubishi ila mbele ya mashahidi. Kijana asiyeweza kuzishika kanuni hizi tatu hapewi tupa yetu.

Basi, Mabwana na Mabibi, mkirudi nyumbani, tafuteni katika masanduku ya zamani. Huenda mkaona kufuli iliyofuliwa Willenhall katika Uingereza, yenye jina la Union au Squire, imetupwa kwa sababu ufunguo wake haupo. Msiipige nyundo, wala msiiuze kwa kilo. Chora njia yake, utuletee mchoro. Ikiwa ufunguo mtupu wake upo katika kopo la mtu yeyote kati ya Mbeya na Iringa, tutautafuta. Na ikiwa haupo, tutautunza mchoro mpaka siku utakapotokea.

Yule mzee wa Iringa alibakiza funguo mbili za namna ile. Tulipotaka kuzinunua alikataa, akasema, "Ziacheni. Huenda liko sanduku jingine."

Kwaherini.